Kuirudishia slasha kinga yake: shajara ya mradi, Juni hadi Agosti 2025

10 Juni

Jana alasiri, katika shamba la kikundi chetu lililo upande wa chini wa barabara ya Moshi kwenda Arusha, slasha ya trekta iligonga kisiki cha mgrivea kilichofichwa na majani. Badala ya bolti ya usalama kukatika kama inavyotakiwa, ilikatika krosi (kiungo cha msalaba) ya shafti inayopeleka nguvu ya trekta kwenye slasha, na kipande kilichobaki kikazunguka kikining'inia, kikapasua kinga ya plastiki na kuuchubua mkono mmoja wa kuinulia kabla dereva hajakata PTO, yaani mhimili wa nyuma ya trekta unaozungusha mashine. Dereva hakuumia.

Kwa wasioijua mashine hii, ni slasha ya upana wa futi tano, yenye visu viwili vinavyoning'inia pembeni mwa sahani nzito ya chuma iliyo chini ya giaboksi. Inaendeshwa na trekta ya silinda tatu ambayo hutoa takriban nguvu za farasi 40 kwenye PTO, kwa mizunguko 540 kwa dakika. Kazi yake kubwa ni kufyeka kati ya mistari ya miparachichi, na baada ya masika kusafisha matete na vichaka katika eneo la malisho, ambako mawe ya volkano yametapakaa kiasi kwamba hakuna anayeweza kudai kuyajua yote.

Nilipoifungua flenji (bamba la kuungia) ya shafti asubuhi, niliikuta bolti ya usalama nzima, bila hata mkwaruzo, na kichwani mwake imeandikwa 10.9. Iliyotakiwa kuwa pale ni ya 4.6, ambayo ni laini zaidi. Nilimwita dereva, akanijibu bila kuzunguka: "Mzee, zile laini zilikuwa zinanimaliza. Mwezi wa pili zilikatika saba kwa siku moja. Nikaona niweke ngumu ili kazi iende." Sikuwa na ujasiri wa kumgombeza, kwa sababu risiti ya zile bolti ngumu nimeikuta kwenye faili nikiwa nimeisaini mimi mwenyewe.

11 Juni

Usiku nilikaa na kalamu. Nguvu za farasi 40 ni sawa na kilowati 30 hivi, na kwa mizunguko 540 kwa dakika hiyo ni nguvu ya kusokota ya takriban niutoni-mita 527, ambayo ndiyo mzigo wa shafti trekta inapofanya kazi kwa uwezo wake wote. Bolti yetu ni ya milimita 10, na imekaa milimita 40 kutoka katikati ya shafti. Namba ya kwanza iliyo kichwani mwa bolti, ikizidishwa mara 100, hueleza nguvu ya chuma hicho kikivutwa, kwa megapaskali. Kikikatwa kwa upande, huachia kwenye kama asilimia 60 ya kiwango hicho. Kwa hiyo bolti ya 4.6 ingekatika karibu na niutoni-mita 750, yaani mara moja na nusu ya mzigo wa kawaida kasoro kidogo, ilhali ile ya 10.9 haikatiki mpaka mzigo ufike kama 1,880. Mahali fulani katikati ya namba hizo mbili ndipo ulipokuwa mwisho wa krosi yetu.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba mkato unapita kwenye shina laini la bolti. Mkato ukiangukia kwenye nyuzi, bolti ya milimita 10 hubaki na eneo la milimita za mraba 58 badala ya 78, na huachia mapema kwa kiasi cha robo. Ndiyo maana haitoshi kufika dukani na kusema, "Mangi, nipe bolti ya kumi." Urefu wa shina usio na nyuzi ni sehemu ya kipimo, sawa na unene na namba ya kichwani.

13 Juni

Siku nzima nimeshughulika na swali ambalo nilipaswa kuliuliza mwezi wa pili: kwa nini zikatike bolti saba kwa siku moja? Mawe hayakuongezeka, wala dereva hakubadilika.

Tuliinua slasha, tukaweka magogo chini ya pembe zake nne ili isitegemee haidroliki, tukazima injini, na ufunguo nikautia mfukoni mwangu kabla mtu yeyote hajapenya chini. Jibu lilikuwa kwenye visu. Kinga ya kwanza ya slasha si bolti wala klachi, bali kisu chenyewe: kwa kuwa kimeshikwa na pini moja tu, kikigonga kitu kigumu hutakiwa kurudi nyuma chini ya sahani, na sehemu kubwa ya mgongano ikaishia hapo bila kupanda kwenye giaboksi. Kisu chetu cha kwanza kilisogea kwa kusukumwa na mguu kwa nguvu. Cha pili hakikusogea hata kwa nyundo ya kilo mbili. Pini yake halisi, yenye bega linaloiachia nafasi ya kucheza hata nati ikikazwa kabisa, ilikuwa imebadilishwa kwa bolti ya kawaida iliyokibana kisu dhidi ya sahani, na juu ya hapo utomvu wa majani na udongo vilikuwa vimekauka kama saruji. Kisu cha namna hiyo hakina tofauti na nondo iliyochomelewa, na kila jiwe lililoguswa lilipeleka pigo lote moja kwa moja kwenye bolti ya usalama.

Sababu ya pili tuliikuta kwenye flenji. Tundu la bolti, ambalo lilipaswa kuwa la milimita 10, limepanuka na kuwa la yai, milimita 11.8 kwa upande mrefu. Bolti iliyolegea hivyo hupigwapigwa kila PTO inapowashwa, ikachoka, kisha ikakatika siku ambayo hata jiwe halikuguswa. Ya tatu dereva aliitaja mwenyewe baada ya kuona hayo mawili: alizoea kuwasha PTO injini ikiwa tayari imepanda, na sahani ile nzito hailazimishwi kuamka kwa mara moja bila mtu kulipia.

Tulipima visu kwa mizani ya duka; kimoja kilikuwa kimepungua gramu 600 kuliko mwenzake, jambo ambalo peke yake linatosha kuitikisa giaboksi mpaka sili zivuje. Vipya vimenunuliwa kwa jozi, pamoja na pini zenye bega.

17 Juni

Shafti ya zamani imeharibika kiasi cha kutofaa kwa kazi ya msimu huu, na kwa kuwa lazima tununue nyingine, nimeshauri, na wenzangu wamekubali, tuhamie kwenye shafti yenye klachi ya kuteleza. Bolti ya usalama ni kinga nzuri na ya bei nafuu katika shamba lililosafishwa. Katika shamba letu, ambako mtu anaweza kugonga mara tatu kabla ya chai ya saa nne, kinga inayomlazimisha dereva kushuka, kutambaa na kubadilisha bolti kila mara itamfundisha tu kutafuta bolti ngumu. Klachi huteleza, hupoteza nguvu hiyo kwa njia ya joto, kisha hushika tena bila mtu kushuka.

Tumepata shafti iliyotumika katika karakana moja ya Arusha, yenye klachi ya diski mbili za msuguano na springi nane. Meno yake sita yanaingia vizuri kwenye shafti ya giaboksi yetu, ambayo ni ya inchi moja na tatu ya nane. Ilikuwa imelala nje, na muuzaji alinisisitizia kwamba "haijawahi kuteleza hata siku moja." Alidhani ananisifia mali.

Jioni tuliijaribu. Tuliifunga kwenye slasha na trekta, tukachora kwa rangi nyeupe mstari mmoja unaokatiza ukingo wa sahani zote za klachi na diski zote, kisha tukalegeza kila nati kwa mizunguko miwili kamili, huku tukihesabu na kuandika. Dereva aliwasha PTO injini ikiwa chini na kuizima baada ya sekunde tatu. Tulirudia mara mbili, tukisubiri visu visimame kabisa kabla ya kusogea. Klachi iliyo hai, springi zake zikiwa zimelegezwa hivyo, lazima iteleze wakati inaisukuma sahani nzito kutoka kwenye kusimama, na mstari ule ukatike vipande visivyokutana. Mstari wetu ulibaki umenyooka kama ulivyochorwa. Diski zilikuwa zimeshikana na chuma kwa kutu, na kama tungeingia nayo shambani tungekuwa na bolti ya 10.9 yenye sura nyingine.

18 Juni

Tumeifungua klachi katika karakana ya fundi wetu, Majengo, Moshi. Nati zililegezwa kwa zamu, robo mzunguko kila moja, ili sahani ya juu isiinuke upande mmoja. Diski ya kwanza iliachia kwa kabari ya mti. Ya pili ilihitaji subira zaidi, kwa maana bisibisi ya chuma ingeimega. Kijana mmoja wa karakana alikuja na mafuta ya kulegezea kutu, akiwa na nia njema kabisa, na fundi akamzuia mkono: "Hapa usiweke hata tone, mwanangu. Diski ikinywa mafuta haina dawa."

Diski zote mbili ni nzima. Moja ina unene wa milimita 3.1 na nyingine 2.9, hazina ufa wala sehemu iliyong'aa kwa kuungua, kwa hiyo tumezirudisha. Sahani za chuma zilikuwa na kutu ya juu juu; tulibandika msasa namba 120 juu ya kioo kinene na kuzisugua kwa mwendo wa mduara mpaka rangi ya chuma ikawa moja kote, kisha tukaweka ukingo wa rula juu yake kuhakikisha hazijapinda. Springi saba zilikuwa na urefu uleule zikiwa huru, na ya nane fupi kwa milimita 2. Hiyo hatukuirudisha, kwa sababu springi moja iliyochoka huifanya klachi ibane upande mmoja na kula diski kwa mshazari. Fundi alipata inayolingana katika sanduku lake la vyuma chakavu, na nilimwomba aipime mbele yangu pamoja na zile saba.

21 Juni

Leo ilikuwa siku ya kuiwekea klachi kipimo, na ndiyo siku niliyoifurahia kuliko zote.

Mtengenezaji huandika kwenye kitabu urefu ambao springi inatakiwa kubanwa, na mwenye kitabu hana haja ya kubuni. Sisi hatuna kitabu cha shafti hii, na kukaza "mpaka mkono uridhike" ndiko kulikotufikisha hapa. Tuliamua kupima nguvu yenyewe. Fundi alichomelea kipande cha shafti chakavu chenye meno sita kwenye bamba nene, bamba likafungwa kwenye nguzo ya chuma iliyozamishwa kwenye zege, na klachi ikavikwa juu yake. Kwenye uma wa klachi, yaani sehemu inayoshika krosi, tulifunga bomba lililolala sambamba na ardhi, na mita 1.5 kutoka katikati tukaweka ndoano. Mfuko wa saruji una kilo 50. Ukining'inizwa hapo unaleta niutoni-mita 736, na uzito wa bomba lenyewe, kilo 6, unaongeza kama 44. Jumla ni 780, karibu mara moja na nusu ya ule mzigo wa 527, na hicho ndicho kiwango tulichotaka klachi ikishike, lakini isivuke mbali zaidi.

Kabla ya kupima tuliitelezesha klachi mara kadhaa kwa kuisukuma bomba kwa mikono springi zikiwa zimelegea, ili nyuso zizoeane. Kisha tulianza na springi za urefu wa milimita 34: bomba lilishuka hata kabla mfuko haujaachiwa. Kwa milimita 33 lilisita, kisha likashuka taratibu. Tulikaza nati zote kwa robo mzunguko, kwa mpangilio wa msalaba, tukipima kila springi kwa venia (kipimo cha sehemu za milimita) na si kwa kuhesabu mizunguko tu, na kwenye milimita 31.5 mfuko ulining'inia bila kusogea. Tukaongeza ndoo yenye lita 5 za maji, tukasubiri kidogo, na bomba likaanza kuteremka kwa mwendo wa kutulia, bila kuruka. Tulirudia mara tatu na matokeo yakawa yaleyale. Milimita 31.5 imeandikwa kwa rangi ndani ya kifuniko cha sanduku la spana.

24 Juni

Kazi ya leo haikuwa na mengi. Tuliipima shafti katika hali zake mbili: slasha ikiwa imeinuliwa mpaka mwisho na ikiwa chini kabisa. Sehemu mbili za shafti zinazoingiana zisikutane mwisho kwa mwisho zinapokuwa fupi zaidi, la sivyo husukuma beringi za giaboksi na za trekta. Na zinapokuwa ndefu zaidi zibaki zimeingiana angalau theluthi moja ya urefu wake. Yetu ilikuwa ndefu kwa milimita 40, ikakatwa pande zote mbili kwa kipimo kilekile, pamoja na kinga yake. Uma za ncha zote mbili za shafti zimepangwa kuelekea upande mmoja. Grisi imeingia kwenye krosi zote na kwenye bomba linaloingiana, na kazi hiyo itarudiwa kila baada ya saa 8 za kazi. Giaboksi imebadilishwa oili, ya gia, namba 90.

27 Juni

Jaribio la kwanza shambani. Dereva aliwasha PTO injini ikiwa chini, akaipandisha taratibu mpaka alama ya 540, kisha akaingia kwenye matete. Baada ya dakika 20 hivi aligonga jiwe. Tulisikia mlio mfupi wa kukwaruza, slasha ikaendelea. Tulizima kila kitu na kwenda kuangalia: mstari mweupe wa rangi umeachana kwa kiasi cha theluthi ya mzunguko, klachi ina joto la kawaida, na kisu kimoja kilikuwa bado kimelala nyuma kidogo, kikasogea kwa mkono. Tulichora mstari mpya.

Jirani aliyekuja kutazama ana trekta ya zamani ambayo PTO yake hukatika pamoja na gia anapokanyaga klachi ya mguu, na alilalamika kwamba slasha humsukuma mbele anapotaka kusimama. Nilimweleza kwamba hilo ni tatizo jingine. Sahani inayozunguka huendelea kuzungusha shafti na kuirudishia trekta nguvu, na klachi ya kuteleza haimsaidii hapo. Anachohitaji ni klachi ya kuachia, ile inayozunguka bure upande mmoja. Anaifikiria.

19 Julai

Dereva alipiga simu saa tano asubuhi: klachi inanuka na inatoa moshi mwembamba. Alikuwa ameisimamisha mwenyewe, na kwa hilo nimemshukuru mbele ya wenzake. Nilipofika nilimkuta ameshashika spana, akiniuliza kama akaze nati nusu mzunguko. Nilimwomba tupime kwanza. Springi zilikuwa na milimita 31.9 badala ya 31.5, tofauti ndogo ambayo niliitegemea baada ya diski kukaa vizuri, na tuliirudisha. Lakini hiyo haikuwa sababu yote. Alikuwa kwenye gia ya pili katika matete yaliyompita kimo, slasha ikiwa imeshushwa mpaka inapara udongo. Klachi inayoteleza kwa sekunde moja kwenye jiwe imefanya kazi yake. Inayoteleza mfululizo kwenye majani inasema kwamba mashine imepewa mzigo isiouweza. Alishuka gia ya kwanza, akainua slasha, akakata kwa awamu mbili, na harufu haikurudi. Diski tulizikagua jioni: 3.0 na 2.8, hazijang'aa.

9 Agosti

Kufyeka kumekwisha mpaka vuli. Katika msimu wote, mstari wa rangi ulikatika mara 14 kwa hesabu ya daftari la dereva, na hakuna krosi, sili wala jino la giaboksi lililoguswa. Zile bolti za 10.9 zilizobaki nimezihamishia kwenye tela, zinakofaa.

Slasha imeoshwa, imekaushwa juani siku nzima, na imeingizwa bandani. Nati nane za klachi zimelegezwa mpaka springi zikawa huru, ili unyevu wa miezi hii usizigundishe tena diski. Dereva amefunga kwenye usukani kipande cha bati alichokiandika kwa mkono wake: "Klachi imelegezwa. Usiwashe. Kaza 31.5." Kilichobaki ni kinga moja ya plastiki ya upande wa trekta, ambayo ina ufa na mnyororo wake umekatika, imeagizwa, na slasha haitatoka bandani kabla haijafungwa. Shafti ya zamani iko kwa fundi mkerezaji, anaiwekea bushi kwenye lile tundu la flenji na krosi mpya, ili iwe ya akiba, na bolti kumi za 4.6 zenye shina la urefu unaotakiwa zimefungwa kwa waya pembeni mwake.